Taji la Matope

Ukimwambia mwalimu wa fizikia kwamba amekosea, hakukasirika. Alivuta kiti akakuuliza amekosea wapi. Lakini ukimwambia kazi yake "si mbaya", alikunyima salamu hadi Jumapili.

Nilifundisha jiografia katika shule moja naye, shule ya wasichana karibu na Kanyakine, na nyumba zetu za walimu zilitenganishwa na ukuta mmoja mwembamba. Nilijua saa anayokohoa. Akiangusha kitu, nilijua kwa mlio kama ni cha kuvunjika. Na bado nikiulizwa leo kama nilimwelewa, nasita. Alikuwa mtu wa kuchosha, na mtu anayekuchosha huwa humwangalii vizuri.

Alikunywa chai bila sukari, na wala haikuwa kwa ajili ya afya. Alisema hana wakati wa kukoroga. Mtu huyohuyo aliweza kusimama asubuhi nzima, shingo imepinda, akingoja tone moja la maji lidondoke sawasawa. Ncha ya kidole chake cha shahada ilikuwa nyeupe na ngumu kama kwato, imeungua kwa umeme, na alipoandika ubaoni kidole hicho kilikaa kando kama mgeni. Darasani hakurudia jambo. Wasichana wepesi wa kushika walimpenda sana. Wengine walinijia mimi niwaelezee fizikia, mimi ambaye fyuzi ya nyumba yangu ilibadilishwa na wao.

"Mwulizeni tena," niliwaambia.

"Madam, tukimwuliza tena anatazama dirishani."

Ilikuwa kweli. Dirisha la maabara lilielekea mteremko ulio juu ya shule, mashamba ya mahindi na maharagwe yaliyolimwa kutoka barabarani hadi ukingoni mwa mto, bila tuta hata moja. Mvua za masika zikianza, mteremko ule ulivuja damu. Maji mekundu yalipita uwanjani kwetu, yakaacha tope jikoni, yakaenda zao mtoni, na mto ukawa na rangi ya chai ya maziwa hadi Juni. Kila mtu alisema maji yanayotiririka ndiyo mwizi. Mwalimu wa fizikia alibisha.

"Maji yanayotiririka ni mkokoteni tu," alisema. "Yanabeba kilichokwisha kuvunjwa. Anayevunja ni tone. Tone likianguka juu ya udongo ulio uchi linaupiga kama nyundo, linaurusha juu, na ukirudi chini haushikani tena."

Nilimwambia jambo hilo nalifundisha kila mwaka kidato cha pili.

"Unawaambia," alinijibu. "Wanaandika, wanapata alama, wanakwenda nyumbani kulima hadi mtoni. Mimi nataka kuwaonyesha."

Hiyo ndiyo iliyokuwa kazi yake kwa miaka yote niliyoishi naye ukuta kwa ukuta: kupiga picha ya tone moja la mvua wakati linapopiga udongo wa Imenti, eneo letu lile. Ukisikia hivyo unaona ni jambo la mchana mmoja. Hata mimi nilidhani hivyo. Ana kamera, kuna mvua, kuna udongo, kinachokosekana ni nini?

Kilichokosekana kilikuwa mwanga. Alinieleza nikiwa nachambua mchele, na kwa mara hiyo moja alirudia alichosema, pengine kwa sababu sikuwa mwanafunzi wake. Tone linapiga, linapasuka na kutulia kabla hujapepesa jicho. Hakuna kamera ya kununuliwa Meru ambayo mlango wake unafunguka na kufungika upesi kiasi hicho. Basi unauacha mlango wazi, ndani ya chumba chenye giza la kutosha, na kamera inakodoa macho bila kuona kitu. Halafu unawasha mwanga kwa muda mfupi mno, mfupi kuliko neno lolote la kuueleza, na kile ulichokiangazia katika muda huo ndicho picha. Shida ni kwamba mwanga ukiwa mfupi namna hiyo filamu haipati kitu cha kula, mpaka uwe mkali ajabu.

"Mfupi na mkali," alisema, akipiga kiganja chake kwa ubavu wa mkono wa pili. "Kama panga. Ukiwa mfupi bila ukali, ni giza. Ukiwa mkali bila ufupi, ni ukungu."

Nilimsikia akisema hivyo mara nyingi mno. Alimwambia mkuu wa shule, alimwambia mzee wa kanisa, alimwambia fundi wa bomba. Sidhani kama kuna aliyesikia zaidi ya neno panga.

Alianza na globu za mwenye studio ya picha mjini Nkubu, zile za kuungua mara moja na kutupwa, zinazokuacha unaona madoa ya zambarau. Zilikuwa kali, lakini zilichelewa kuzima, na picha zikatoka kama pamba iliyoloa. "Hilo ni blanketi," alisema, akazitupa picha zote kwenye jiko langu. Akajaribu flashi ya betri ya studio hiyohiyo, akaambulia weusi mtupu wenye doa katikati. Mwenye studio, aliyekuwa amezoea kupiga maharusi, alimwuliza mbele ya watu, "Lakini Mwalimu, mbona usipige watu kama wenzako?"

Aliombwa hilo hata na mwenzetu mmoja wa hesabu alipokuwa anaoa. Hakuna mtu wilayani aliyejua taa za picha kuliko yeye, na bwana harusi alimwomba kwa upole, akiwa na ndizi mkononi. Mwalimu wa fizikia alizipokea ndizi, akasema, "Mimi sipigi vitu vinavyosimama tuli," akafunga mlango. Tulimsema wiki nzima. Harusini alikuja, akala vizuri, akasimama tuli katikati ya picha ya walimu.

Baadaye aliagiza kutoka Nairobi taa ya kioo yenye gesi ndani, aina inayotumiwa na watu wa sayansi. Alingoja taa ile muhula mzima. Ilifika kwa basi, ndani ya sanduku lililokaliwa na mtu njia nzima, na alipolitikisa likalia kama njuga. Aliweka sanduku juu ya kabati na hakulifungua kamwe. Nadhani hiyo ndiyo siku niliyoanza kukasirika kwa niaba yake, jambo lisilokuwa na faida yoyote, maana mtu hawezi kukasirikia basi.

Wokovu ulitoka kwenye jalala la hospitali ya misheni. Walikuwa wametupa mashine kuukuu ya eksirei, naye akawaomba wampe utumbo wake. Ndani mlikuwa na kapasita kubwa kama mtungi, vile vyombo vinavyokusanya umeme pole pole kisha kuumwaga wote kwa pigo moja. Alizifunga kwa waya kwenye ncha mbili za chuma zilizokaribiana, bila kioo, bila gesi. Umeme uliruka kutoka ncha moja hadi nyingine hewani, na cheche ile ilikuwa nyeupe yenye ubuluu, kali kiasi kwamba ilipita kwenye matundu ya mlango na kuchora mistari ukutani mwangu. Na ilikuwa na mlio wa bunduki.

Siku hizo watu hawakuzoea milio kama hiyo, na waliowahi kuisikia hawakutaka kuizoea. Askari wawili wa chifu walifika kabla ya chai ya saa nne.

"Nani ana bunduki hapa?"

"Hakuna bunduki," alisema mwalimu wa fizikia. "Ni taa."

"Taa gani inalia?"

"Taa nzuri."

Walimpeleka kwa chifu na waya zake. Alirudi jioni, amekasirika kwa sababu chifu alimwomba alipue tena ili mkewe aone.

Sasa nieleze jambo ambalo sikuwahi kulielewa. Mtu huyu aliyechezea umeme wa kuua ng'ombe aliogopa radi kuliko mtoto. Mawingu yakikusanyika juu ya mlima na ngurumo ikaanza, alibisha hodi kwangu, akakaa kwenye kigoda cha jikoni na miguu kaipandisha juu ya gogo. Nilimwuliza kama haoni aibu.

"Ile yangu," alisema, "najua inaanzia wapi."

Akakaa hapo hadi mvua iishe, akila njugu zangu.

Tone la mvua ya kweli huanguka kutoka mbali, kwa hiyo alihitaji kimo. Kitu kirefu kuliko vyote shuleni kilikuwa mnara wa tangi la maji. Alipanda juu akafunga sindano ya hospitali iliyodondosha maji tone kwa tone, akateremsha bomba pana la plastiki ili upepo usiyapeperushe, na chini, kati ya miguu ya mnara, akajenga kibanda cha nailoni nyeusi. Ndani aliweka sahani ya udongo aliochota mteremkoni, kamera, zile ncha mbili, na kijicho cha umeme kilichohisi tone likipita na kuiamuru cheche. Kijicho hicho alikitengeneza mwenyewe. Kilikubali kufanya kazi siku moja kati ya siku kumi, na siku hiyo moja stima ilipotea.

Mkuu wa shule alikuwa mama mwenye akili na hofu nyingi, na hofu zake zote zilikuwa na sababu.

"Mwalimu, msichana mmoja akishika waya ule, wazazi wake nitawaambia nini?"

"Hawaruhusiwi kuingia."

"Hawaruhusiwi kula maparachichi ya shamba la shule pia. Umeona hata moja pale juu ya mti?"

Alimpa muhula mmoja. Kisha mwingine. Kila mara alipokuja kukifunga kibanda alimkuta ndani, gizani, akisema kwa sauti ya kunong'ona, "Nipe kidogo tu, tone liko njiani," naye akashindwa na adabu yake mwenyewe, akaondoka.

Tatizo ni kwamba masika huangukia likizo ya Aprili. Walimu wote tulikwenda makwetu kupanda. Yeye alibaki, kwa kuwa alitaka udongo wenye unyevu wa msimu. Kwake ni Kanja, upande wa Embu, na shamba lililimwa na mkewe. Mama Kendi alikuja Kanyakine mara moja kwa muhula, amebeba nduma na ndizi, mwanamke mfupi mwenye sauti ya chini. Alifagia nyumba ya mumewe, akafua, akanywa chai kwangu, akarudi. Sikuwahi kumsikia akilalamika, na hilo lilinisumbua kuliko kama angelalamika.

Aprili moja nilibaki na mimi, nikiwa na mitihani ya kusahihisha. Mama Kendi akatokea bila kutarajiwa, viatu vimejaa matope hadi kwenye vifundo vya miguu. Hakupitia kwangu. Alikwenda moja kwa moja kwenye mnara. Nilikuwa naanika nguo, nikasikia yote.

"Baba Kendi."

"Usifungue! Usilete mwanga!"

"Sifungui. Nimekuja kukuambia mstari wa chini wa kahawa umekwenda mtoni."

Matone yalisikika yakidondoka ndani ya bomba.

"Umekwenda lini?"

"Jana. Ulikuwa unakwenda tangu mwaka juzi, lakini hukuja kuuona."

"Miche yote?"

"Na migomba. Na kile choo kipya kimebaki kinaning'inia."

Nilijiambia sasa atatoka. Mtu yeyote angetoka.

"Nipe kidogo tu," alisema. "Tone liko njiani."

Mama Kendi alisimama pale akiitazama ile nailoni nyeusi. Kisha akageuka akaja kwangu, akaketi kwenye ngazi, akavua viatu.

"Madam," aliniambia, "mtu kama huyu unamwambia nini? Wewe umesoma. Niambie neno nikamwambie."

Nilikuwa nafikiria kuileta nailoni ile chini kwa kisu cha jikoni. Wakati huohuo cheche ililia, tukashtuka wote wawili, na ndege wakatoka kwenye miti ya shule. Mama Kendi alicheka kidogo, kicheko kisicho na furaha, akanywa chai, akavaa viatu vyake na kwenda kutafuta gari la Embu kabla mvua haijaanza.

Mwalimu alitoka kibandani alasiri, ameshika ukanda wa filamu unaodondosha maji.

"Amekwenda wapi?"

"Nyumbani. Ambako na wewe ungekuwa."

Aliangalia njia, halafu akaangalia filamu. Akainyanyua kwenye mwanga wa mawingu.

"Tazama, Madam."

Sikutaka kutazama. Nilikuwa na hasira. Nilitazama.

Tone lilikuwa limegonga udongo, na mahali palepale pameinuka ukuta wa maji mwembamba, wa mviringo, ukingo wake umegawanyika kuwa vidole vidogo, na juu ya kila kidole shanga. Ndani ya ukuta na ndani ya kila shanga mlikuwa na chembe za udongo, zimetawanyika pande zote zikiwa bado hewani. Kitu kilichokuwa kikitokea mbele ya macho yetu mara milioni kila mvua, na hakuna hata mmoja wetu aliyewahi kukiona. Sijaona kitu kizuri zaidi ya kile tangu siku hiyo. Hasira yangu haikupungua. Ilipata tu mwenzake.

Alikwenda Kanja kesho yake. Hakuniambia walisemezana nini huko, na mimi sikuuliza.

Chifu, ambaye hakuwa amesahau ule mlipuko, alikubali kuitisha baraza ili watu waonyeshwe picha. Kwa kuwa palihitajika giza, lilifanyika kwenye ukumbi wa kanisa, madirisha yamezibwa kwa magunia. Projekta ilikuwa ya kanisa na shuka nyeupe ilikuwa yangu. Watu walijaa, kwa sababu ilikuwa siku ya soko na nje kulikuwa na jua. Mwalimu wa fizikia alivaa tai. Alikuwa ametayarisha maneno yake kwa Kiswahili, maana Kiembu chake kiliwachekesha watu wa Imenti, na mzee wa kanisa akasimama kando yake kumtafsiria kwa Kimeru.

Nilikaa mstari wa pili, nikizisikia lugha zote mbili.

"Tone linaupasua udongo," alisema mwalimu.

"Tone linaufungua udongo," alitafsiri mzee wa kanisa.

Watu wakaitikia kwa vichwa, wameridhika. Udongo ukifunguliwa maji yanaingia, ni jambo jema. Mwalimu alielewa kilichosemwa, maana lugha zao hazipo mbali, akamsahihisha kwa Kiembu. Ukumbi ukaangua kicheko. Alingoja kicheko kiishe, mshipa umemsimama shingoni, akawasha projekta.

Ukuta ule wa maji ulisimama mkubwa kuliko mtu, na shanga zake zinang'aa. Kisha bibi mmoja mzee aliyekuwa mbele akainua mikono yote miwili.

"Ni taji!" alisema. "Kumbe mvua imevishwa taji!"

Makofi yakapasuka. Mtu akaanzisha wimbo. Mchungaji alisimama, macho yake yamelowa kweli, sikumshuku hata kidogo, akasema tumeonyeshwa leo utukufu uliofichwa katika vitu vidogo.

"Hizo nukta nyeusi!" alipaza sauti mwalimu wa fizikia. "Tazameni nukta! Hizo ni shamba lenu! Hilo ni shamba lenu linarushwa hewani!"

Hakuna aliyemtafsiri. Mzee wa kanisa alikuwa anaimba. Mchungaji alimshika bega kwa upendo.

"Mwalimu, tunaweza kupata nakala?"

Mkulima mmoja, nakumbuka, alikuja baadaye akauliza swali la maana: ni nini basi kinachotakiwa kufanywa? Akaambiwa afunike udongo kwa majani, achimbe matuta, aache nyasi ukingoni mwa mto. Alisikiliza mpaka mwisho. "Lakini Mwalimu," alisema, "majani yale ni chakula cha ng'ombe, na ukingo ule ndipo maharagwe yanapokubali." Mwalimu aliyajua matone. Ng'ombe wa mtu yule hakuwa amemfikiria.

Mwaka uliofuata picha ilitoka kwenye kalenda ya kanisa. Aliyeichapisha alikuwa ameisafisha vizuri sana. Nukta zote alizifuta moja baada ya nyingine, akidhani ni uchafu wa filamu, likabaki taji jeupe la maji juu ya sakafu laini. Kalenda ile ilipendwa kuliko zote. Ilitundikwa kwenye bucha, kwenye posho mill ya kusagia mahindi, ofisini kwa chifu, kwa mkuu wa shule. Ilitundikwa pia chumba cha walimu, na asubuhi moja niliingia nikamkuta amesimama mbele yake na kalamu nyeusi, anazirudisha nukta. Alizirudisha kwa uangalifu, kila moja mahali pake, kama anayezijua kwa majina. Kengele ililia hakusikia.

"Mwalimu," nilisema, "wanakungoja darasani."

"Nimebakiza upande wa kushoto," alisema.

Hakupiga picha nyingine. Kibanda cha nailoni kikawa stoo ya kuni. Alifundisha hadi alipostaafu, akanywa chai bila sukari, akatazama dirishani, na mteremko ukaendelea kushuka. Siku ya kumuaga, mkuu mpya wa shule alisoma kwamba alikuwa na kipaji cha picha za kidini. Nilimtazama nikidhani atabisha. Alipiga makofi pamoja na wengine, polepole.

Nilimwona tena miaka baadaye. Nilikuwa nimestaafu na mimi, na Mama Kendi alikuwa amenialika Kanja kwa ruracio, sherehe ya mahari, ya binti yao. Kwa kuwa nilikuwa na shughuli mjini Embu, nilipitia kwao siku mbili kabla ya wageni nikasaidie jikoni.

Shamba sikulitambua. Lilikuwa limekatwa matuta ya fanya juu kutoka barabarani hadi mtoni, ile mitaro ambayo udongo wake hurushwa upande wa mlima, na juu ya kila tuta majani ya ng'ombe yamesimama kama ukuta. Mama Kendi alisema aliyachimba na akina mama wenzake wa kanisa, kwa zamu, leo kwa huyu kesho kwa yule. Nilimwuliza kama mwalimu alisaidia.

"Alishika kamba ya kupimia," alisema. "Alishika vizuri."

Yeye nilimkuta nyuma ya nyumba, ameketi kwenye kiti kifupi akielekea ukutani. Alikuwa amekonda, masikio yamekuwa makubwa. Hakuinuka.

"Madam. Njoo uone upuuzi."

Nilisogea. Nyumba ilikuwa imepakwa chokaa zamani, nyeupe, ila sehemu ya chini, kutoka ardhini hadi kama magotini, ukuta ulikuwa na ukanda mwekundu ulioizunguka nyumba yote. Nilimwambia naona ukuta mchafu.

"Karibia."

Nikainama, viungo vikalia. Ukanda ule ulikuwa madoa madogo madogo, maelfu kwa maelfu, mengi chini na machache kadiri yanavyopanda, kila moja na mkia wake mwembamba unaoelekeza lilikotoka. Yalikuwa yamerushwa pale na matone ya mvua, msimu baada ya msimu, kutoka kwenye udongo ulio chini ya ukuta.

"Unaona madoa yamefika wapi?" alisema. "Udongo hauna miguu. Umefikaje magotini mwa nyumba?" Alikuwa anapumua kwa nguvu. "Kila nyumba ya Meru na Embu. Nyumba ya chifu. Lile kanisa lenyewe, Madam, ukuta wa nje wa ule ukumbi! Wote walipita hapo wakiingia. Mimi nilipita hapo, nimebeba projekta."

Nilitafuta neno la kumfariji. Nilimwambia kwamba hata kama angewaita watazame ukuta, nani angekuja barazani kutazama ukuta wake mwenyewe?

"Hakuna," alisema. "Hakuna ambaye angekuja." Halikumfariji.

Mama Kendi alitokea pembeni, ndoo ya chokaa mkono mmoja na brashi mkono wa pili.

"Baba Kendi, sogea. Wageni ni Jumamosi, na ukuta unatuaibisha."

Hakusogea. Mkewe alisimama akimngoja kama alivyomngoja siku zote, bila kupaza sauti. Nilidhani atasema apewe kidogo. Nilikuwa nimekwisha kukasirika, tayari kabisa.

Alinyoosha mkono akaichukua brashi. Alipiga magoti polepole, akishikilia ukuta, akaichovya kwenye chokaa, na akaanza kuyapaka madoa kuanzia chini, kwa uangalifu, bila kuruka hata moja.